Kufunga na kutuni nyuzi za fidla ukiwa huna mwalimu

Mara ya kwanza kubadilisha nyuzi za fidla yangu nilifanya jambo lililoonekana la akili kabisa. Nilizilegeza zote nne, nikazivua, nikafurahi kupata nafasi ya kufuta vumbi lililokaa chini yake. Daraja, kile kibao chembamba kinachoinua nyuzi, likaanguka, sikujali. Nilipoinua fidla nikasikia kitu kinabingirika ndani, tok, tok, kama punje ya hindi ndani ya kibuyu. Nilidhani nimevunja. Sikuvunja kitu, ila nilikuwa nimeiangusha roho ya fidla, na ilinichukua wiki tatu kumpata mtu wa kuisimamisha tena.

Kwa hiyo kabla hujashika kigingi chochote, shika hili: nyuzi hubadilishwa mmoja mmoja. Mpya ukishakaa na kukazwa kiasi, ndipo unamgeukia mwenzake. Sababu iko kwenye jinsi chombo chenyewe kilivyojengwa.

Kinachoshikilia nini

Fidla ndiyo hiyo hiyo violini. Ukiifuata nyuzi kutoka chini, zinaanzia mkiani, kile kipande cheusi kinachopanuka kadiri kinavyokaribia daraja. Zinapanda juu ya daraja, zinapita juu ya ubao wa vidole, zinavuka kizingiti (kijiti chenye mifereji minne pale shingo inapoishia), kisha zinaingia kwenye kisanduku cha vigingi, chini ya kichwa kilichoviringwa kama konokono.

Daraja halina gundi. Linasimama kwa sababu nyuzi zinalikandamiza, basi. Na ndani, nyuma kidogo ya mguu wa daraja ulio upande wa uzi mwembamba, kuna kijiti cha mviringo kilichobanwa kati ya ubao wa juu na ubao wa chini. Nacho hakina gundi. Waitaliano wanakiita anima, Wafaransa âme, na maneno yote mawili maana yake ni roho. Chungulia kwenye tundu la sauti upande wa kulia, ukimulika kwa tochi ya simu, utakiona.

Nyuzi nne zikiwa zimekazwa sawasawa zinavuta kwa jumla zaidi ya kilo 20. Nguvu hiyo ndiyo inayoliweka daraja wima na kuibana roho mahali pake. Ukiiondoa yote kwa mpigo, vyote viwili viko huru kuanguka. Ukiondoa uzi mmoja, watatu waliobaki wanashikilia.

Fidla nyingi za bei nafuu zinazoagizwa mtandaoni hufika daraja likiwa limelazwa na nyuzi zimelegea. Usishtuke, hufanywa hivyo ili zisivunjike safarini. Kagua roho kwanza. Ikiwa imesimama, endelea na mwongozo huu, ila ufunge polepole zaidi na daraja ulitazame kila hatua. Ikiwa imelala, usikaze uzi wowote, kwa sababu ubao wa juu unaweza kubonyea au kupasuka chini ya mguu wa daraja. Tafuta anayejua, na fundi seremala wa mtaani akikuambia atakubandikia kwa gundi, mshukuru uondoke na fidla yako.

Kununua nyuzi

Angalia kipimo kwanza. Kimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ndani, unaisoma kupitia tundu la kushoto: 4/4 ni ya mtu mzima, halafu 3/4, 1/2 na kuendelea kushuka. Karatasi ikiwa haipo, pima urefu wa mwili bila shingo. Ukipata karibu sentimita 35.5 hiyo ni 4/4, na ukipata kama 33.5 ni 3/4. Nyuzi za 4/4 ukizifunga kwenye fidla ndogo zitalegea na kulia kama zimekatwa tamaa.

Kuna aina tatu. Za utumbo wa kondoo, ambazo ni za kale, ghali, na hazipendi unyevu. Anayejifunza achana nazo. Za kiini cha sintetiki zina sauti laini, lakini zikiwa mpya zinanyooka kwa siku kadhaa, kwa hiyo utatuni mpaka uchoke. Za chuma zina sauti kali kidogo, bei yake ni nafuu, na zinatulia haraka. Ushauri wangu kwa asiye na mwalimu ni za chuma, na mkia wenye skrubu ndogo za kutuni kwa nyuzi zote nne. Wapo watakaokwambia skrubu nne ni za watoto. Waache. Wao walikuwa na mwalimu wa kuwatunia miezi sita ya mwanzo.

Majina, kutoka mnene kwenda mwembamba: G, D, A, E. Wenzetu wa Kongo na Burundi waliosomea kwa Kifaransa watakuambia sol, re, la, mi. Ni zile zile.

Kufunga

Kaa kwenye kiti, simamisha fidla juu ya mapaja, nyuzi zikikutazama na kichwa kikiwa juu. Vigingi vya kushoto ni vya G (cha chini) na D (cha juu). Vya kulia ni A (cha juu) na E (cha chini). Katika mkao huu vigingi vyote vinne vinafuata sheria moja: ukizungusha kwa kwenda mbele, mbali na wewe, unakaza. Ukivuta kuja kwako, unalegeza. Watu wengi hukata uzi wa kwanza kwa kutojua hili tu.

Anza na G, kwa sababu ni mnene na unasamehe makosa. Mlegeze wa zamani mpaka utoke wenyewe kwenye kigingi, kisha uchomoe mkiani. Kabla ya kuweka mpya, chukua penseli ya kawaida na upake risasi yake kwenye mfereji wa kizingiti na ule wa daraja, mfereji wa uzi huo tu. Uzi utateleza badala ya kukwama, na daraja halitavutwa mbele kila unapokaza. Ni kazi ya sekunde kumi.

Mwisho mmoja wa uzi una kipira kidogo cha shaba (baadhi ya nyuzi za E zina kitanzi badala yake). Kipira kinaingia kwenye tundu la mkia na kuvutwa ndani ya ufa wake, au kinakaa kati ya meno mawili ya skrubu ndogo. Uvute kwa mkono uhakikishe umenasa. Kisha uzi uupitishe juu ya daraja, uulaze kwenye mfereji wa kizingiti, uupeleke kwenye kigingi.

Hapa penda kwenda taratibu. Kigingi kina tundu katikati. Kivute nje kidogo, kigeuze tundu likutazame, ingiza ncha ya uzi mpaka itokeze upande wa pili kama nusu sentimita. Sasa anza kuzungusha kwenda mbele, huku mkono mwingine ukiushika uzi uwe umenyooka na usiruke mfereji. Mzunguko wa kwanza uelekeze upande wa ncha nyembamba ya kigingi, upande ulio mbali na kishikio, ili ujibane. Kisha uvukishe urudi, na mizunguko inayofuata ipangike kandokando kuelekea kwenye kishikio, bila kupandana. Mitatu hadi mitano inatosha. Wa mwisho ukae karibu na ukuta wa kisanduku, lakini usijisukume dhidi ya ukuta, maana uzi utajikata hapo, na kisanduku chenyewe kinaweza kupata ufa.

Na kila unapozungusha, sukuma kigingi ndani. Vyote kwa pamoja, kama unavyofunga kizibo cha chupa ya chai. Kigingi cha fidla hakina meno wala skrubu. Ni mti uliochongwa mwembamba upande mmoja, na kinachokishika ni msuguano peke yake. Anayezungusha bila kusukuma atakaza, ataachia, na kigingi kitajifungua trrrr mpaka mwisho.

Kaza mpaka uzi utoe sauti yenye umbo, usihangaike bado na noti kamili. Nenda kwa D, halafu A, mwishowe E. Ukifika kwa E, weka uso kando. Ni waya wa chuma mwembamba kama robo milimita, na ukikatika unachapa. Kama ulikuja na kijibomba cha plastiki, kikae juu ya daraja kuzuia uzi usiule mti. Baadhi ya madaraja yana kipande cha ngozi hapo tayari, na kijibomba hakihitajiki.

Daraja, kila baada ya uzi mmoja

Daraja linasimama kwenye mstari wa kufikirika unaounganisha vikato vidogo vya ndani vya matundu ya sauti. Upande wake mfupi unakuwa chini ya E, mrefu chini ya G. Ukilitazama kwa ubavu, uso unaoelekea mkiani uwe wima kabisa juu ya ubao. Uso wa mbele ndio wenye mteremko, kwa hiyo usiutumie kupimia.

Kila unapokaza, nyuzi zinaliburuta daraja kuelekea kwenye kizingiti, kidogo kidogo, mpaka siku moja linapinda au linaanguka kwa kishindo. Kulirudisha ni rahisi. Legeza nyuzi zote kidogo sana, weka fidla mapajani, shika sehemu ya juu ya daraja kwa vidole gumba na vya shahada vya mikono yote miwili, G upande huu na E upande ule, kisha sukuma kama vile unasogeza kikombe kilichojaa. Miguu ibaki palepale, kinachosogea ni kichwa. Fanya hivi mara nyingi kuliko unavyodhani inahitajika.

Kutuni

Tunaanza na A. Sehemu nyingi duniani A hiyo ni mitetemo 440 kwa sekunde, kipimo kilichokubaliwa kwenye mkutano wa kimataifa London mwaka 1939. Pakua programu yoyote ya kutuni kwenye simu, lakini hakikisha haiko kwenye hali ya gita. Chagua hali inayotambua noti zote, na inayoandika namba pembeni ya herufi. Hiyo namba ndiyo itakayookoa nyuzi zako. Unatafuta G3, D4, A4, E5, yaani mitetemo 196, 293.7, 440 na 659.3.

Kisa ninachokisikia kila mara ni hiki: mtu anaukaza uzi wa D, programu inaonyesha C, halafu D, lakini mshale unaruka kwa sababu chumba kina kelele, naye hajaona, anapita. Inasoma E, F, anaendelea kukaza akisubiri "D irudi". Uzi unakatika. Ukipotea, acha kukaza, legeza mpaka usikie sauti imeshuka dhahiri, kisha panda tena. Uzi uliolegea hauna hatari yoyote.

Donoa uzi kwa kidole gumba, usikilize, tazama simu. Kama uko mbali, tumia kigingi. Msogeo wa kigingi ulio mdogo kuliko upana wa punje ya mchele unaweza kukuvusha nusu noti nzima, kwa hiyo sogeza, donoa, sogeza, donoa. Fika kwenye noti kwa kupanda kutoka chini, usifike kwa kushuka. Uzi ulioshushwa huacha ulegevu uliojificha kwenye mzunguko wa kigingi, na baada ya dakika mbili umeporomoka. Ukikaribia, malizia kwa skrubu ya mkiani: kulia inapandisha, kushoto inashusha. Skrubu ikifika mwisho, ifungue yote kisha uanze upya na kigingi. Usiilazimishe, kwa sababu mkono wake wa chini unashuka na unaweza kuchimba mbao ya fidla. Yangu ina kovu hapo.

Baada ya A fuata D, G, E. Ukifika E, rudi kwa A, utakuta imeshuka. Hujakosea. Mbao imekubali uzito mpya na daraja limezama kiduchu. Zunguka nyuzi zote mara tatu au nne mpaka zitulie.

Sasa zima simu

Simu inakusaidia mwezi wa kwanza. Ila fidla haina alama za vidole kama gita, kwa hiyo bila sikio hutafika popote, na mahali pazuri pa kulifundisha sikio ni hapa hapa kwenye kutuni.

Kama umewahi kuimba kwaya kwa sol-fa, una nusu ya kazi mkononi. Kati ya kila uzi na jirani yake kuna umbali wa do mpaka so. Uzi wa D ukiwa do, A ni so. Uzi wa G ukiwa do, D ni so. Piga A, uiite so, imba ukishuka so-fa-mi-re-do, na hiyo do ya mwisho ndiyo sauti ya uzi wa D. Nimewaona waimbaji wa sauti ya tatu wakitunisha fidla siku ya pili bila programu yoyote.

Hatua inayofuata inataka upinde. Upinde mpya hautoi sauti kabisa, na wanaojifunza wenyewe wengi huamini fidla ni mbovu. Singa za farasi bila ulimbo zinateleza tu. Kile kipande kigumu cha rangi ya asali ndani ya kasha ndicho rosini. Kikwangue juu kwa msasa kidogo mpaka kitoe unga, kisha singa zipitishe juu yake mara nyingi, hata thelathini au arobaini kwa mara ya kwanza.

Buruta upinde juu ya A na D kwa pamoja, polepole, bila kukandamiza. Kama hazijaoana utasikia sauti inayumba, wa-wa-wa-wa, kama feni ya dari yenye panga moja iliyopinda. Geuza skrubu ya D kidogo. Ikizidi kwenda mbio, umeelekea upande usio. Ikipungua kasi, waaa, waaaa, endelea, mpaka itoweke na sauti mbili zilale kama moja. Ukiipata mara ya kwanza hutaisahau. Fanya hivyo kwa D na G, kisha A na E.

Ukishamaliza kwa njia hii, washa simu ukague, na usishangae ikikuambia uko pembeni kwa nywele. Umbali safi wa do na so ni uwiano wa 3 kwa 2, kwa hiyo kutoka 440 unapata D ya 293.3 na E ya 660, wakati programu inadai 293.7 na 659.3. Simu inafuata mpangilio wa piano. Ukipiga peke yako, liamini sikio.

Vigingi na hali ya hewa

Ukikaa pwani wakati wa masika, mti unavuta unyevu na kuvimba, na vigingi vinakwama kama vimepigiliwa misumari. Ukipanda bara kiangazi, mti unasinyaa na vigingi vinateleza. Nilisafiri na fidla kutoka Tanga kwenda Dodoma mwezi wa nane, nikafungua kasha nikakuta nyuzi tatu zimelala na daraja limeanguka. Tangu hapo, safari yoyote ndefu, natandika kitambaa kilichokunjwa chini ya mkia na pembeni ya daraja.

Dawa ya zamani ya vigingi iko kwenye duka lolote la mtaani: chaki nyeupe ya ubao na sabuni ya mche iliyokauka. Chomoa kigingi kimoja, utaona pete mbili zinazong'aa pale kinapogusana na kisanduku. Kinakwama? Paka sabuni kwenye pete hizo. Kinateleza? Paka chaki. Rudisha, zungusha mara kadhaa, jaribu. Mafuta ya kupikia au ya cherehani usiyaguse, maana mti ukishayanywa kigingi hakitashika tena.

Kwa wanaotaka taarabu

Nyuzi zilizotajwa juu ndizo za kila mwanafunzi, na sikushauri uanze kwingine. Lakini wapigaji wengi wa muziki wa Kiarabu, ambako fidla huitwa kamanja, hushusha A iwe G na E iwe D, ili zipatikane G-D-G-D: nyuzi mbili nene na zile zile tena juu yake. Nyimbo zenye kurudiarudia sauti ya chini zinakaa vizuri sana hapo. Kwa kuwa unashusha, hakuna uzi unaoumia. Jaribu Jumamosi moja, kisha rudisha, ukikumbuka kulitazama daraja. Aliye Unguja au anayeweza kufika, chuo cha muziki cha DCMA (Dhow Countries Music Academy) kimekuwa kikifundisha fidla ya taarabu kwa zaidi ya miaka ishirini. Nairobi kuna Kenya Conservatoire of Music, iliyopo tangu 1944. Hata somo moja tu la kukaguliwa daraja na mkao linafaa nauli yake.

Uzi ukikatika Jumapili asubuhi

Utakaokatika kwanza karibu kila mara ni E. Kuna njia ya dharura: uzi wa kwanza wa gita, wa chuma mtupu, namba .010. Urefu wa uzi wa gita kati ya daraja na kizingiti ni karibu mara mbili ya ule wa fidla, kwa hiyo uzi huo huo kwenye fidla hufika E ya juu kwa mvuto unaokaribiana na ule uliozoea. Kipira chake ni kikubwa mno kwa skrubu. Kitoe kwa koleo, kibaki kitanzi. Sauti itakuwa nyembamba na ya bati, lakini ibada itaisha. Nyuzi nyingine za gita usijaribu, ni nzito kupita kiasi. Kinshasa, wanamuziki wa Orchestre Symphonique Kimbanguiste, iliyoanzishwa 1994, walifikia hatua ya kufunga nyaya za breki za baiskeli pale nyuzi zilipokosekana. Nawavulia kofia, ila fidla yangu sitaifanyia hivyo.

Kila ukimaliza kupiga, futa nyuzi na ubao kwa kitambaa kikavu, maana jasho na unga wa ulimbo ndivyo vinavyoziua. Uzi unaoonyesha kutu, uliofumuka ule utepe wa chuma uliozungushiwa, au unaokataa kuoana na wenzake hata ukiutuni vizuri, umemaliza kazi. Ukifunga seti mpya, za zamani zilizo nzima ziviringishe, uziandike majina kwa kalamu kwenye bahasha, uziweke ndani ya kasha. E nunua mbili.